Mkono Chini ya Rangi

Kidole! Wiki iliyopita tulimwacha Thuwaiba mbele ya kompyuta ya mumewe, ameivua picha rangi moja baada ya nyingine, na huko chini kimechomoza kidole cha mwanamke.

Tangu siku ile sipiti Darajani kwa raha. Mama mmoja alinishika kanzu sokoni, samaki wake mkono wa pili, "Cha nani kidole kile?" Haya, mama, mpeleke samaki nyumbani asije akaoza, kisha usome.

Thuwaiba akabonyeza kipanya. Rangi ya mwisho, buluu ya nili, ikatoweka.

Hakikuwa kidole. Ulikuwa mkono mzima, umelazwa juu ya mto mweupe, umejaa hina na piko jeusi kutoka kucha mpaka kiwiko.

"Lahaula!" akasema peke yake.

Akautazama mkono wake mwenyewe. Mtu akishaumizwa hutafuta tumaini hata mahali anapojua hamna. Vidole vyake vifupi, vimenona kidogo. Vidole vya yule mwanamke vilikuwa virefu na vyembamba, vimejilaza vikijua kuwa vinatazamwa.

Kwa aliyeanza kusoma leo: Zahran, mume wa Thuwaiba, ana studio yake Kiponda, na mji mzima unamsifu kwa jambo moja. Hachori kitu chenye roho. Hana mtu, hana ndege, hana hata dagaa. Picha zake anazozitengeneza kwa Fotoshopu ni rangi na mistari mitupu, na hata Mzee Khelef, baba yake Thuwaiba, ambaye ukutani kwake haijapata kutundikwa picha ya binadamu, aliitundika moja ya Zahran sebuleni. "Hii ndiyo picha ya Muislamu," alisema, na tangu hapo mkwe akawa mtoto.

Na Fotoshopu, kwa asiyeijua, kazi yake ni ya leya. Unaweka rangi, juu yake unaweka nyingine, na nyingine tena, kama kanga zilizokunjwa kabatini. Kando ya kila leya pana kijicho kidogo. Ukikibonyeza, leya ile haionekani, unaona iliyo chini yake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Thuwaiba alikwisha kuinama.

Akaifunga picha ile, akafungua nyingine, ile iliyoko sebuleni kwa baba yake. Akavibonyeza vijicho, kimoja, kimoja, mpaka chini.

Mkono uleule.

Akafungua iliyonunuliwa na Wataliano. Mkono uleule. Akafungua ile iliyotundikwa benki, ambayo watu wakipanga foleni huiangalia na kusema mume wako ana kipaji. Mkono uleule, juu ya mto uleule.

Kila picha iliyompa mumewe jina ilianzia kwenye mwili wa mwanamke huyu. Zahran akaufunika, akaufunika, akaufunika, kisha akaupa ulimwengu picha na kusema haina mtu ndani.

Wivu ukampanda Thuwaiba, mkali kama ndimu kwenye kidonda. Angeweza kukivunja kile kioo cha kompyuta kwa kisigino cha kiatu. Hakukivunja. Alijisogeza karibu zaidi.

Maana mwanamke wa Unguja huisoma hina. Msichana asiyeolewa hutiwa kidogo siku ya Idi, kwenye kidole na kiganja, akacheka akaenda zake. Piko la kupanda mpaka kiwiko ni la bibi arusi. Huyu alikuwa mke wa mtu, au alikuwa anakwenda kuwa mke wa mtu siku ileile alipopigwa picha. Na mtu mwenyewe, ikiwa picha iko kwa Zahran, ni nani?

Tena aliiona alama ya mkono uliopamba. Katikati ya kiganja palikuwa na ua, na petali moja ya ua lile haikujazwa. Bi Mwanakheir wa Malindi tu ndiye anayeacha petali moja wazi. Hata ua la Thuwaiba, siku ya arusi yake, lilikuwa hivyo.

"Thuwaiba!"

Sauti ya Zahran, mlangoni. Katoka msikitini.

"Naam."

Akarudisha vijicho vyote mbiombio. Mkono ukazama chini ya buluu, buluu ikazama chini ya kijani, na Zahran alipoingia akiwa na kofia mkononi, picha ilikuwa picha.

"Unafanya nini kwenye mashine yangu?"

"Nafuta vumbi."

"Vumbi la kipanya?"

"Kipanya ndicho chenye vumbi kuliko vyote."

Zahran hakucheka. "Nshakwambia, hii si mashine ya paspoti. Yako ile pale. Ukitaka kazi, kuna bibi arusi wa Mwembetanga ana chunusi, kamtoe."

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya Thuwaiba kwa miaka minne. Kutoa chunusi za mabibi arusi, kunyoosha kola za watu wa paspoti, kuandika kadi za mialiko. Alijifunza Fotoshopu kwa kuangalia nyuma ya bega la mumewe, na kila alipouliza swali la pili, Zahran aliifunga kazi.

"Dalal anakuja alasiri," Zahran akasema, akijitengeneza nywele kwenye kioo kidogo cha wateja. "Anakuja na bosi wake mwenyewe, mwenye hoteli. Wakiipenda picha wanaichukua leo, na wataagiza za vyumba vyote."

Dalal! Huyu mnamjua, lakini kwa mgeni: ni msichana wa Fumba anayefanya kazi katika hoteli ya Bwejuu. Mrefu, mwembamba, hucheka mpaka wa nje wakasikia. Humwita Zahran "Zahran" tu, bila ya bwana wala kaka, na akipiga simu dukani, Zahran huipokea akiwa amesimama.

"Ana vidole vizuri Dalal," Thuwaiba akasema.

"Sijavitazama mie," Zahran akajibu upesi mno.

Akaenda kulala kidogo. Thuwaiba akaufungua mkono tena, akauchapa kwenye karatasi ya paspoti, akaukunja ndani ya buibui na kutoka.

*

Bi Mwanakheir alikuwa amekaa mkekani anachekecha hina, unga umemjaa mpaka kwenye nyusi.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Uso huo, umefiwa?"

"Sijafiwa. Nnataka unitazamie kitu."

Akamkunjulia karatasi. Kikongwe akaivuta karibu, akaipeleka mbali, akaipeleka kwenye mwanga wa dirisha. Kisha akatabasamu, kama aliyeonyeshwa picha ya mjukuu.

"Kazi yangu hii."

"Nnajua. Mkono wa nani?"

Tabasamu likaondoka. "Watu hunipa mikono yao, mwanangu. Nikitoka chumba cha bibi arusi, mlango naufunga na mdomo naufunga. La sivyo kesho nani atanipa mkono?"

"Hata mie unifiche? Mie uliyenipamba?"

"Hata weye. Mbona sikumwambia mtu kuwa ulilia ukanikorogea piko la mkono wa kushoto, nikarejea kulipaka upya?"

Thuwaiba alitaka kucheka. Machozi yakamtoka bila ya kuombwa. Akamshika Bi Mwanakheir magoti.

"Niambie wapi tu. Jina lake sitaki. Ilikuwa wapi?"

Kikongwe akapumua. Huruma ni ufunguo, na wengi waliofunga midomo kwa ahadi wameifungua kwa huruma.

"Fumba," akasema. "Arusi ya mlango kufungwa. Ngoma hapana, biriani hapana. Shekhe, mashahidi, basi."

"Na bwana arusi?"

"Mie niko ndani na kijiti cha piko, bwana arusi ntamwonea wapi? Nilimsikia akikohoa ukumbini. Bibi arusi ndiye niliyemwona. Mrefu, mwembamba, mcheshi."

Fumba! Mrefu! Mcheshi! Thuwaiba alikwisha simama, kiatu kimoja mguuni na kimoja mkononi.

"Thuwaiba, ngoja! Sijakwambia kuwa—"

Lakini mwenzetu alikwisha kushuka ngazi. Wivu huuliza nani, huuliza wapi. Kuuliza lini haukumbuki.

*

Njia nzima alikuwa akizungumza peke yake. Mlinda gari wa Malindi alimwamkia hakumwitikia. Alikuwa anahesabu vitu: Ijumaa ambazo Zahran alikwenda Fumba "kupiga picha mandhari", ile siku aliyorudi na mafuta ya udi ambayo si ya nyumbani kwake, simu za kusimama. Kila kitu kilipata mahali pake. Ukishaamua kuwa umeibiwa, hata ufagio unaouona kona unakuwa shahidi.

Studio ilikuwa tupu. Zahran alikwenda kuwangoja wageni barabara kubwa, maana gari haliingii Kiponda.

Thuwaiba akakaa kwenye kiti cha mumewe. Kiti alichokatazwa. Akaifungua picha ya hoteli ya Bwejuu, akazifuta rangi zote za Zahran, zile za wiki nzima, buluu yake na kijani chake, ukabaki mkono peke yake juu ya mto.

"Haya, bibi arusi," akasema. "Nikupambe na mie."

Shauri lake lilikuwa jepesi. Atauharibu mkono ule usitambulike, na Zahran atakapoifungua picha mbele ya Dalal, wote wawili watajua kuwa wamejulikana.

Akaushika katikati ya kiganja, akauzungusha. Vidole vikajipinda, vikajifunga kama nyoka kwenye kikapu. Haikumtosha. Akakata vipande, akavitawanya, akaviweka kimoja juu ya kimoja, akavififisha mpaka cha chini kikaonekana ndani ya cha juu. Akaligeuza piko kinyume, weusi ukawa weupe, mishipa ya maua ikang'aa kama umeme wa masika. Akauvuta wekundu wa hina, akaukoleza, akaukoleza tena, kisha akaupaka kwa kidole cha Fotoshopu, kile kinachovuruga rangi kama mtoto anayechezea uji. Ule mto mweupe akaupasua pasua ukawa vumbi.

Alikuwa analia. Kisha, hakujua saa ngapi, akawa halii.

Alisogea nyuma akatazama. Akaona upande wa kushoto ni mzito. Akapunguza. Akaona wekundu unataka kitu cha kupigana nacho, akaleta manjano ya bizari, kidogo tu, ukingoni. Akaona palipo petali isiyojazwa, akapaacha kama palivyo, maana jicho lilihitaji mahali pa kupumzika. Mikono yake ilijua mambo ambayo hakuna aliyemfundisha, na kwa kitambo kile Thuwaiba alisahau kuwa anaharibu.

Sauti ya Dalal ikacheka kwenye uchochoro.

Hasira ikarejea yote. Thuwaiba akazibana leya zikawa moja, zisivulike tena milele, akahifadhi juu ya picha ya mumewe kwa jina lilelile, akafunga. Kisha akaenda kukaa kwenye mashine ya paspoti, akaanza kumtoa chunusi bibi arusi wa Mwembetanga.

*

"Asalaam alaykum!" Dalal aliingia kwanza, mtandio mabegani, mkufu shingoni, uso umewaka. Nyuma yake akaingia mwanamke aliyejifunika uso, macho tu yakionekana, na glavu nyeusi mikononi. Nyuma kabisa, Zahran.

"Bosi wangu," Dalal akamtambulisha. "Karudi kutoka Maskati juzi tu. Zahran, mbona hata hujamsalimia njiani?"

Zahran alikuwa amekauka. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso, na feni ilikuwa inazunguka. Nyinyi mmeliona jasho lile. Thuwaiba hakuliona. Alikuwa anavitazama vidole vya Dalal.

"Picha," mwanamke wa Maskati akasema. Neno hilo tu.

Zahran akakaa, akaifungua.

Zahran akaurudisha uso nyuma kama aliyepigwa kofi. Akaangalia jina la faili. Akaangalia tena kioo. Kisha, polepole, akageuka akamtazama mkewe, na Thuwaiba akamrudishia macho, hayakupepesa.

Sasa lia, akasema moyoni. Sasa mwambie huyo malaya wako nini kimempata mkono wake.

"Ya Rabi!" Dalal akapiga kelele. "Zahran! Hii ndiyo! Hii ndiyo! Zile zako nyingine nzuri, sisemi, lakini zimelala. Hii inakutazama. Bosi, unaona?"

Bosi alikuwa anaona. Alisogea mpaka pumzi yake ikagusa kioo.

Thuwaiba alitega mtego ukaleta zawadi, tena zawadi yenyewe imekwenda kwa adui!

"Umeifanya wewe?" bosi akauliza, bila ya kugeuka.

Zahran akamtazama mkewe mara ya pili, na macho yalikuwa mengine: yalikuwa yanaomba, na chini ya kuomba palikuwa na kitu Thuwaiba alichokijua vizuri, maana alishinda nacho kutwa. Kijicho.

"Ndiyo," Zahran akasema. "Nimeimaliza leo."

Jamani! Mnajua kuumwa na nge? Thuwaiba alikwisha vumilia mume kugawanywa. Alidhani hapana tena cha kugawanywa. Kumbe wivu wa mume una dada yake, wivu wa kazi, na dada ni mkubwa.

"Wekundu huu," bosi akasema, "una maji ndani yake. Umeupataje?"

"Ni... ni rangi tu. Nimechagua rangi."

"Rangi gani?"

"Nyekundu."

Dalal akacheka. Bosi hakucheka.

"Si nyekundu," Thuwaiba akasema kutoka kwenye mashine ya paspoti. "Ni hina. Nimeikoleza, nikaivuruga, nikaipitishia chini yake weupe wa piko lililogeuzwa. Manjano ile ya ukingoni ndiyo inayoifanya itote."

"Thuwaiba," Zahran akasema taratibu, "kalete chai."

"Chai itakuja. Picha hiyo nimeifanya mie."

"Mke wangu anatania. Yeye ni wa paspoti."

"Mie ni wa paspoti, na picha nimeifanya mie. Muulize imeanzia na nini. Muulize chini kabisa pana nini."

Zahran alifunga macho. Bosi akageuka kwa mara ya kwanza.

"Pana nini?" akauliza.

"Pana mkono!" Thuwaiba akasimama, na sauti yake ikawasimamisha wapita njia nje. "Picha zake zote, hizi mnazosema hazina mtu, zina mkono wa bibi arusi. Nimekwenda kwa aliyempamba. Arusi ya mlango kufungwa, Fumba. Na mwenye mkono huyu hapa, anacheka!"

Kidole chake kikamwelekea Dalal.

Dalal akaacha kucheka. Akajitazama kifuani kama anayetafuta doa.

"Mie? Niolewe na Zahran?" Akavuta mikono ya gauni mpaka mabegani, pande zote mbili. "Mie piko likinigusa navimba, daktari kanikataza tangu niko skuli! Na mume nimpate Fumba mie babangu asijue, babangu ambaye ndiye sheha wa huko?"

Mikono ya Dalal ilikuwa myeupe pe. Vidole virefu, ndiyo. Lakini kidole gumba kilikuwa kifupi, kimejikunja, na cha kwenye picha kilikuwa kimenyooka.

Thuwaiba akabaki ameshika hewa.

"Basi wa nani?" akasema, na sauti haikuwa na nguvu tena.

Mwanamke wa Maskati akavua glavu, moja, ya pili, akaziweka juu ya meza ya Zahran. Kisha akapeleka mikono nyuma ya kichwa, akalifungua fundo, na kitambaa cha uso kikaanguka.

"Bosi!" Dalal akaruka. "Kuna mwanamme!"

"Namwona."

"Na uso wazi?"

"Hapa hapana mwanamme wa kumfichia uso," mwanamke yule akasema. Alikuwa mrefu. Alikuwa na sura ya mtu aliyewahi kuwa mcheshi. "Huyu mume wangu."

Feni ikazunguka.

"Mimi naitwa Zeyana," akamwambia Thuwaiba. "Bi Mwanakheir alinipamba mwaka wa tisini na tano. Wazazi wangu hawakumtaka, tukaoana kwa mjomba, Fumba. Mama akaugua, nikamfuata Maskati. Huyu alisema ntakuja nyuma yako. Hakuja, hakuniita, hakuniacha. Miaka tisa. Wewe kakuoa lini?"

"Miaka minne," Thuwaiba akasema.

Na hapo ndipo lilipomuingia. Mchana kutwa alikuwa anamsaka mke wa pili. Malindi alimsaka, kwenye Ijumaa za Fumba alimsaka, kwenye mikono ya msichana wa watu alimsaka. Mke wa pili alikuwa yeye.

Alitaka kumchukia Zeyana. Chuki ilikuwa tayari, ameipika tangu mchana, haikupata pa kupakuliwa. Akabaki anamwonea wivu kwa jambo moja tu: huyu alikuwa anajua aliyemuoa.

"Zahran," Zeyana akasema. "Nimepata mtu Maskati. Nataka talaka yangu. Nimekuja mwenyewe nisije nikaambiwa sikuipokea."

Zahran alikuwa anatazama sakafu kama mwanafunzi wa madrasa aliyesahau sura.

"Utafikiri," Zeyana akasema. "Siondoki leo. Sasa lile jingine. Picha naitaka. Itapelekwa Dar kesho ikachapwe kubwa, itakaa ukumbini, mtu akiingia tu aione. Na zile za vyumba nazitaka pia. Lakini kwa aliyeifanya hii." Akamgeukia Thuwaiba. "Mkono ni wangu, umeukatakata utafikiri kuku. Nimeuona nikajua aliyefanya hivi ameumia kuliko mimi. Jina chini liwe lako. Nitilie kwenye sidii."

Hapo ndipo Zahran alipowaka. Hakuwaka alipodaiwa talaka. Hakuwaka siri yake ya miaka ilipomwagwa mbele ya mfanyakazi wa hoteli. Aliwaka aliposikia jina la mkewe linakwenda chini ya picha.

"Haitoki!" akapiga meza, glavu zikaanguka. "Mashine yangu! Duka langu! Mie ndiye mchoraji nyumba hii! Huyu nimemtoa kwa baba yake hajui hata kuwasha kompyuta!"

"Nimejua bila ya wewe kutaka," Thuwaiba akasema. Alikwisha kukaa kwenye kiti kilichokatazwa. Sidii ilikwisha kuingia, taa ya kijani inapepesa.

"Thuwaiba, inuka."

Hakuinuka.

"Thuwaiba, mbele ya hawa nakwambia. Picha hiyo ukiivusha mlango huu kwa mkono wako, umeachika."

Dalal akajifunika mdomo. Zeyana akasema, "Usimwapie mwenzio, Zahran, neno hilo halirudi," lakini lilikwisha kutoka. Huku kwetu watu wameachika kwa kwenda kumtazama mama mgonjwa, wameachika kwa kuvuka njia kununua chumvi, kwa neno kama hilo la mume mwenye hasira. Hakuna katika chumba kile asiyejua uzito wake.

Taa ya kijani ikazima. Sidii ikatoka, ina moto.

Thuwaiba akaishika kwa ncha za vidole. Akafikiri nyumba ya baba yake, chumba cha juu, dirisha linalotazama ukuta. Akafikiri watu watakavyosema: kaachwa kwa picha. Akamfikiri Zahran wa siku za mwanzo, aliyekuwa akimletea mishikaki Forodhani na kumtolea vijiti. Alimpenda. Hata sasa, laana ya moyo, alikuwa anampenda.

"Sema tena," akamwambia.

"Nini?"

"Mashahidi wasije wakasema hawakusikia. Sema tena."

Zahran alimtazama, na kwa muda mfupi ilionekana kama angelilirudisha. Kisha macho yake yakaenda kwenye kioo, kwenye ule wekundu wenye maji ndani, na uso ukajifunga.

"Ukiivusha, umeachika."

Thuwaiba akavaa buibui lake. Akalifunga vizuri, bila ya haraka. Akapita mbele ya Dalal, akapita mbele ya Zeyana, akafika mlangoni. Akanyanyua mguu, akauweka nje ya kizingiti, kwenye jua la Kiponda, mkono wenye sidii umeutangulia.

Mguu mmoja nje, mguu mmoja ndani. Wenye elimu mliopo barazani, semeni: hapo kaachika, au bado?

Thuwaiba hakungoja fatwa. Akanyanyua na wa pili.